Mtoto Aliyetoka Kwenye Doa

Mjomba Abundio alipiga filamu moja tu maishani mwake, na aliipiga kwa sababu maji yalikuwa yanakuja. Serikali ilikuwa imeshamaliza ukuta wa bwawa kule chini kwenye korongo, nasi watu wa kijiji cha Santa Brígida tulikuwa tumeambiwa kwamba sikukuu ile ya mtakatifu wetu ndiyo ingekuwa ya mwisho kufanyika bondeni. Mjomba akaazima kamera ndogo kwa mwenye duka mmoja wa mjini, akashinda nayo kutwa nzima. Alipiga maandamano, wapiga tarumbeta, wanawake wakikanda unga wa mahindi, wazee waliojibanza kwenye kivuli cha kanisa. Kisha tukahamishiwa kwa malori huku mlimani, kwenye vijumba vya matofali ya saruji vilivyofanana kama mayai ya kuku mmoja, na bonde letu likawa ziwa.

Mkanda ule ulitiwa ndani ya kopo la bati, ukawekwa juu ya kabati la jikoni kwa mke wake, doña Crisanta. Hapakuwa na mashine ya kuuonyesha, na kadiri miaka ilivyopita hata hamu ya kuuona ikapoa. Mvuke wa vyungu ukaingia koponi, kuvu ikaota. Mjomba akafa bila kuiona kazi yake.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Eleuterio, sisi tukimwita Teyo. Yeye alizaliwa huku juu na hakuwahi kuliona bonde. Alipokua alikwenda Jiji la Mexico, akapata kazi kwenye studio inayotengeneza picha za sinema. Kazi yake ilikuwa kufuta. Mwigizaji akirushwa hewani kwa waya, Teyo anaufuta waya. Askari wa zama za farasi akisahau saa mkononi, Teyo anaifuta saa. Alikuwa akituambia kwamba zamani ukumbi wao ulijaa watu walioinamia skrini, kila mtu akichora upya kwa mkono kile kilichofichwa, picha moja baada ya nyingine, mpaka macho yanatoa machozi. Halafu ikaja akili mnemba. Sasa unaizungushia alama sehemu usiyoitaka, na mashine yenyewe inabuni kilichopaswa kuwepo. Ukumbi ukabaki na viti vitupu. Wenzake wengine wakaenda kuendesha teksi, wengine kuuza bima. Yeye akabakishwa kuiangalia mashine.

Siku moja alipokuja kumsalimu mama yake nilimkuta amekaa barazani, nikamtania kwamba siku hizi analipwa kwa kukaa tu.

"Ni kweli, binamu," akanijibu. "Zamani kila kilichokuwa nyuma ya waya nilikijua, kwa sababu nilikichora mimi. Siku hizi nasema ndiyo au hapana, basi."

Safari hiyo ndiyo aliyoondoka na kopo la baba yake.

Sehemu kubwa ya mkanda ilipona. Mafundi waliuosha, wakauhamishia kwenye kompyuta, na Teyo akaanza kuurekebisha baada ya saa za kazi. Mikwaruzo ilifutika, rangi zikarudi, nyuso zikafunguka. Palipomshinda ni karibu na mwisho. Hapo yuko mama yake, angali msichana, amesimama kwenye ngazi za kanisa na rebozo yake, ule mtandio mrefu wa kufuma, mabegani, anacheka kwa aibu kama mtu anayemwambia mumewe aache kumpiga picha. Mkono wake wa kushoto umeshuka, vidole vimejikunja kidogo. Kuanzia vidoleni kwenda chini hapakuwa na kitu ila doa jeupe la kuvu, likitetemeka kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

Teyo akalizungushia doa alama, akaiachia mashine. Iliporudisha jibu, pale kwenye doa palikuwa na mtoto wa kike. Alikuwa na umri wa miaka sita au saba, gauni la kitambaa chepesi, nywele zimesukwa mikia miwili, amemshika mama yake Teyo mkono. Hakucheka. Aliitazama kamera moja kwa moja, kisha, kabla picha haijakatika, akageuza uso kuelekea ndani ya kanisa kana kwamba ameitwa.

Aliurudia mkanda wenyewe, akautazama kwa kioo cha kukuza, picha kwa picha. Chini ya doa hapakuwa na mtoto, wala kivuli chake, wala ncha ya gauni. Akaiambia mashine ijaribu tena. Mara ikampa mbwa, mara mzee aliyechuchumaa, mara nguzo ya mawe. Vyote vilionekana vya kubandikwa. Mtoto peke yake ndiye aliyekaa sawa, kwa sababu ule mkono ulikuwa umeshamshika. Sikukuu ya mtakatifu, aliyoahidi kutuonyesha filamu, ilikuwa karibu, na doa linalotetemeka lingewaumiza wazee macho. Akasema ndiyo.

Tuliitazama filamu jua lilipozama, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, shuka kubwa limetundikwa mbele ya goli. Kila mtu alikuja. Wanawake walileta tamale zilizofungwa majanini na atole, uji wa mahindi wa moto, maana huku juu jioni huwa na baridi. Picha zilipoanza watu walilia na kucheka kwa pamoja. Huyu alimwona baba yake akiwa hai, yule alimwona punda wao. Don Práxedes, aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa la bondeni, alijiona ana nywele, na vijana wakamshangilia mpaka akavua kofia kuwainamia.

Kisha doña Crisanta akatokea kwenye ngazi, na yule mtoto pembeni yake. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mke wa mjomba, nikaona bega lake likipanda na kukaa hapo hapo juu, kama mtu aliyebana pumzi. Mtoto alitutazama, akageuza uso, picha ikakatika. Shuka likawa jeupe.

"Huyo ni Nieves," akasema doña Crisanta.

Alilisema jina taratibu, kama mtu anayetaja kitu alichokiacha chumba cha pili. Nyuma yetu sauti ya don Práxedes ikajibu kwamba ndiyo, ni Nieves, yule yatima wa mama mchoma mkaa, aliyekuwa akining'inia kwenye kamba ya kengele mpaka yeye anamfukuza kwa fimbo. Mwanamke mwingine akasema mtoto yule alikuwa akila nyumba hii leo, kesho nyumba ile. Mwingine akauliza, kwani alipanda lori gani siku ya kuhama? Watu walikunja viti vyao wakaenda nyumbani, na vyungu vya atole vikabaki vimejaa.

Teyo alidhani wazee wamechanganya sura. Alirudi jijini asubuhi yake. Lakini huku kwetu swali lile la lori halikulala. Kila familia ilijua ilipanda na nani, imebeba kuku wangapi, godoro la nani lilianguka njiani. Nieves hakuwa kwenye lori la mtu yeyote. Kila nyumba ilidhani amekwenda na nyumba nyingine. Siku ile tulikuwa tumeyaacha makaburi yetu, tukaiacha kengele, tukawaacha na mbwa. Sasa ikawa dhahiri kwamba tulimwacha na mtoto.

Teyo aliporudi kwa ajili ya siku ya wafu alikuta madhabahu ya kuwakumbuka marehemu ndani ya nyumba ya mama yake, maua ya njano yamejaa mpaka mlangoni. Picha ya baba yake ilikuwa imesogezwa pembeni. Katikati palikuwa na picha ya yule mtoto. Kijana mmoja alikuwa ameichapa kutoka kwenye filamu. Mbele yake palikuwa na mkate wa wafu, kikombe cha maziwa na jozi ya viatu vidogo vipya.

Nilikuwepo jikoni nikikoroga chungu, kwa hiyo niliyasikia yote. Teyo alimkalisha mama yake, akafungua kompyuta yake mezani, akaanza kueleza kwa utaratibu. Alimwambia kwamba mtoto yule hayupo, kwamba ni mashine iliyombuni kwa kuchukua nyuso za maelfu ya watoto wa watu wengine na kuzichanganya. Akamwonyesha picha ya asili. Kweli, palikuwa na doa tu. Doña Crisanta aliweka miwani, akasogea, akalitazama doa kwa muda mrefu, akaigusa skrini kwa kidole.

"Ndiyo," akasema. "Hapo hapo ndipo alipokuwa amesimama. Maskini, kuvu imemla mzima mzima."

"Mama, hapa hapana mtu."

"Sasa mkono wangu nimeushusha hivi nimeshika nini, mwanangu? Upepo?"

Teyo akaniangalia mimi nimsaidie, maana mimi nilikuwa mtoto wa umri uleule bondeni, na mtoto humjua mtoto mwenzake. Nikakaza macho kwenye chungu.

Niseme ukweli wangu hapa. Sijawahi kuitilia shaka kazi ya binamu yangu. Akisema mashine ilimbuni, ilimbuni. Lakini mimi namkumbuka Nieves. Namkumbuka akinifundisha kupuliza filimbi ya tete kando ya mto, akinipa tete iliyokuwa bado na mate yake. Nywele zake zilinuka moshi wa mkaa. Kidole chake kimoja kilikuwa na ukucha mweusi. Ukucha huo haumo kwenye filamu. Nimeitazama mara nyingi kuutafuta. Mambo haya sikumwambia mtu, halafu siku moja don Práxedes, tumekaa kusubiri basi, akaniambia bila kuulizwa kwamba ukucha wa Nieves ulibanwa na mlango wa mnara. Nilisimama nikaenda kwa miguu.

Teyo alijaribu njia nyingine. Alirudi jijini akatengeneza filamu upya, safari hii akichagua ile nguzo ya mawe, akaifanyia kazi kwa mkono wake mwenyewe kama enzi za ukumbi, mpaka ikakaa vizuri. Akaja nayo, akamwonyesha mama yake peke yake. Doña Crisanta alitazama mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Nguzo hii haikuwepo," akamwambia. "Upande ule wa kanisa hatukuwa na nguzo. Umempeleka wapi mtoto?"

Habari zikatoka nje ya nyumba. Kuanzia hapo watu walianza kumsalimu Teyo kwa mbali. Hawakumtukana. Mwenye duka la nyama alimfungia nyama yake bila kumtazama usoni, na wanawake wenye watoto walivuka barabara. Alikuja kwangu akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaniambia kwamba wanamwangalia kama mtu aliyeua.

"Umemfuta," nikamwambia. "Unataka wakuangalieje?"

"Na wewe pia, Amparo?"

Nikampa kahawa.

Halafu mvua zikakosa. Zikakosa tena mwaka uliofuata, na ziwa likaanza kurudi nyuma. Kwanza ulitokea msalaba wa mnara, halafu mnara, halafu paa lililotoboka, na mwishowe kanisa zima likasimama kwenye tope, limepakwa rangi ya kijivu na maji. Tuliteremka sote, wazee wakishikwa mikono na vijana. Watu waliokuwa hawajalia tangu siku ya malori walilia wakipapasa vizingiti vya nyumba zao. Tulipofika kwenye ngazi za kanisa, wote tukatazama upande wa kushoto. Hapakuwa na nguzo. Hapakuwa na hata alama ya mahali ambapo nguzo ingeweza kusimama. Teyo alizunguka kanisa mara mbili, viatu vimejaa tope, akarudi akakaa chini.

Wanaume walikuja na majembe. Hakuna aliyetoa amri. Walichimba mlangoni, ndani tu ya kizingiti, kule alikogeuzia uso yule mtoto wa filamu. Kabla ya saa sita jembe liligonga mfupa. Ilikuwa mifupa midogo, imelala ubavu, magoti yamekunjwa. Don Práxedes alivua kofia. Doña Crisanta hakupiga kelele; alitandika rebozo yake juu ya tope na kuwaambia wamlaze hapo taratibu.

Baadaye alikuja bwana mmoja msomi kutoka jijini, mtu mpole mwenye mfuko wa brashi na vipimo. Akatueleza kwamba zamani watu walizikana ndani ya makanisa, kwamba kila kanisa la kale lina mifupa chini ya sakafu, na kwamba hii, kwa rangi yake, ilikuwa na umri wa miaka mia mbili au zaidi. Tulimsikiliza kwa adabu. Tulimpa pozole, supu yetu ya mahindi na nyama, akala, akaomba kuongezwa, tukamwongeza. Alipoondoka seremala akaendelea kupigilia misumari kwenye sanduku jeupe.

Asubuhi ya mazishi doña Crisanta alimwita mwanawe. Kufikia wakati huo hakuwa tena akisema habari za mama mchoma mkaa. Nieves alikuwa binti yake, aliyemzaa kabla ya ndoa, aliyelelewa na jirani ili watu wasiseme. Kama hilo ni kweli au si kweli, wa kulijua alikuwa mjomba Abundio, naye amelala kaburini.

"Utabeba wewe," akamwambia Teyo. "Wewe ndiye kaka yake."

Nilidhani atakataa. Alikuwa amesimama mlangoni na shati jeupe alilopigiwa pasi na mama yake, uso umemshuka. Kisha akaingia, akalinyanyua sanduku na kuliweka begani. Njia ya makaburini ina mlima, lakini hakukubali kupokewa. Wenye kuvuka barabara walirudi kutembea karibu naye. Mwenye duka la nyama alimfuta jasho kwa leso yake. Tarumbeta zilipigwa kama siku ile ya mwisho bondeni, na jina la mtoto likachongwa kwenye jiwe: Nieves, na chini yake jina la ukoo wetu.

Tulipokuwa tukishuka Teyo alinishika mkono.

"Binamu, mimi nilikuwepo alipozaliwa. Ilikuwa kwenye skrini, nilikuwa nakula mkate. Sasa tumemzika nani?"

Nilimwambia tumemzika mtoto, na kwamba mtoto aliyezikwa hadaiwi vitambulisho. Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Tukakaa kwenye ukuta wa mawe mpaka waliokuwa nyuma yetu wakatupita.

Kazi ya jijini hakuirudia. Alisema kila akikaa mbele ya mashine na kuzungushia alama mahali patupu, mkono unamwambia ngoja. Alibaki huku, akafungua karakana ya kurekebisha redio na simu, na jioni alimhudumia mama yake, ambaye alikuwa ameanza kuchoka.

Uzee wa doña Crisanta ulikuja kwa kuzima taa moja moja. Kwanza alisahau majina ya mitaa, kisha yetu sisi wapwa. Nilikuwa nikienda kumsaidia Teyo kumwogesha, na mara nyingi nilimkuta anaongea na upande wa kushoto wa kitanda, kwa sauti ile ya kumkataza mtoto asikimbie na kikombe. Alikuwa na furaha. Alijua Nieves amekula nini, amechana gauni wapi, anaogopa nini. Mumewe alishamsahau. Filamu tulipomwonyesha alimtambua mtu mmoja tu.

Siku moja ya mwisho mwisho Teyo alimletea supu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akapuliza kijiko. Mama yake alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja na mzigo mzito.

"Na wewe, baba, ni mtoto wa nani?" akamuuliza.

Nilikuwa nakunja mashuka. Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia kijiko kikirudishwa ndani ya bakuli.

"Mimi ni kaka yake Nieves," akasema Teyo.

"Aa," akasema doña Crisanta, na sauti yake ikachangamka. "Basi wewe ni wa hapa hapa. Karibu, mwanangu. Sogea ule."